Epo za Katekista

Baiskeli ya Katekista ikiegemezwa ukutani kwenu, majirani walianza kulia kabla hata ya kuuliza. Sitanii. Hapa Mollo tulimheshimu, na kwa namna yetu tulimpenda, lakini hakuna aliyetaka kumwona akikata kona kuja kwake siku ambayo si ya sala ya jumuiya. Mtu akizidiwa, yeye ndiye aliyeitwa. Yeye ndiye aliyepanda baiskeli kwenda mjini kumleta Paroko na mafuta matakatifu, na yeye ndiye aliyemwambia mgonjwa ule ukweli ambao ndugu wote walikuwa wameumeza.

Kwa baba mkwe wangu alifanya hivyo hivyo. Sisi tulikuwa tumejaa chumbani, tunamwambia mzee kwamba mvua zikianza atakuwa shambani, mara Katekista akaingia, akavua kofia, akasema, "Mzee, unakwenda. Una neno na mtu?" Jamani! Mume wangu alitaka kumtoa nje kwa mikono. Lakini mzee alicheka, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Ahsante. Hawa watoto walikuwa wananichosha." Akaomba aitwe mdogo wake waliyekuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Wakaongea, wakashikana mikono, na mzee akafa vizuri. Tangu hapo mume wangu alikuwa akimwona Katekista anavua kofia kutoka mbali.

Baadaye nilimuuliza kama haoni aibu kusema maneno yale mbele ya watu. Akanijibu, "Mama Deo, mgonjwa anajua kuliko wewe. Ukimdanganya unamwacha peke yake." Hilo alilisema kila nyumba. Mwenyezi Mungu ndiye shahidi wangu, alilisema kwa miaka yote niliyomjua.

Kanisani alikuwa moto. Jumapili ambazo Paroko hakufika kigangoni kwetu, ibada aliiongoza yeye, na ukichelewa alikaa kimya katikati ya sala, akakutazama mpaka ukae. "Mungu hana haraka," alikuwa anasema, "ila mimi ninayo." Na saa yake mwenyewe ilikuwa mbovu, inakimbia, kwa hiyo wote tulikuwa tunachelewa na yeye peke yake ndiye aliyekuwa sahihi. Watoto wa mafundisho ya komunyo walimwogopa. Alikuwa akiwagongea benchi kwa funguo. Halafu wakimaliza anawapanga foleni nje na kuwagawia vitu vya kukaanga kutoka kwenye ndoo yenye kitambaa, huku bado amenuna, kana kwamba kuwapa nako ni adhabu.

Hivyo vitu vya kukaanga ndivyo epo zake. Vitabuni wanasema matufaha, sisi tunasema epo. Mimi nimezaliwa Kirando, ziwani, kwenye joto na samaki, nimekuja kuolewa huku juu kwenye baridi ya Ufipa ambayo sijaizoea mpaka leo, na siku ya kwanza kupewa ile epo ya moto mkononi nilidhani ni andazi. Nikauma. Juu inalia kacha, ndani laini, kali, tamu, inakuunguza ulimi na bado unataka kuendelea. Nikasema, mwanamke aliyepika hiki ana mkono. Wakanicheka. Wakaniambia amepika Katekista.

Mwanamume jikoni! Na Mfipa wa umri ule, mwenye koti na rozari mfukoni. Watu walimsema sana. Walisema mkewe amemkalia, wengine wakasema mkewe mvivu. Mkewe hakuwa mvivu hata kidogo. Mama Katekista alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mpole, mwenye utani wa chini chini ambao unaucheka ukishafika kwako. Tatizo lake lilikuwa maziwa na mayai. Mwili wake haukuvitaka tangu usichana. Siku moja, bado maharusi, walikaribishwa kwa majirani Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao, wakapewa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na yeye kwa heshima akanywa funda moja. Midomo ikavimba, macho yakafumba, pumzi ikawa inatoka kwa filimbi. Wenyeji wa watu walidhani wamelaaniwa. Katekista akambeba mgongoni mpaka zahanati. Tangu siku hiyo alianza kuchunguza kila kinachoingia mdomoni mwa mkewe, na mtu wa namna yake akianza kuchunguza, mwisho wake anapika mwenyewe.

Epo alijifunza ujanani, alipokuwa akisaidia jikoni misheni. Masista waliotoka ng'ambo walikuwa wanazikata duara, wanazichovya kwenye mchanganyiko wa mayai na maziwa, wanakaanga. Zile Mama Katekista hakuweza kuzila, alikuwa akisikia harufu tu. Katekista akakaa na jambo hilo muda mrefu, akajaribu maji, ikatoka ngumu; akajaribu hamira ya dukani, akasema inanuka duka. Mwisho akatumia togwa. Togwa ya ulezi, ile iliyoanza kuchachuka kidogo, yenye mapovu. Kitu ambacho kiko kwenye kila nyumba hapa, na hakuna aliyewahi kufikiria kukimimina kwenye unga wa ngano.

Nilimwangalia mara nyingi akifanya, kwa hiyo naweza kusema. Togwa aliichuja kwa kitambaa, akaichanganya na unga wa ngano, chumvi kidogo na sukari, akaufunika ule mchanganyiko karibu na mafiga mpaka uvimbe na kuanza kutoboka toboka juu. Uzito wake aliupima kwa kijiko: uking'ang'ania kijiko, mzito, ukikimbia, mwepesi, unatakiwa uanguke kwa uvivu. Epo alizimenya, akatoa moyo wake kwa kipande cha bomba alichokinoa, akakata duara, akaziweka kwenye maji ya ndimu zisigeuke nyeusi. Halafu, na hapa ndipo wengi wetu tulikosea tulipojaribu nyumbani, alizifuta zikauka kabisa na kuzipaka unga mkavu kabla ya kuchovya. Usipofanya hivyo ganda linabanduka mafutani, linabaki peke yake na epo inabaki uchi. Mafuta ni ya alizeti ya hapa hapa. Alidondosha tone la mchanganyiko. Likizama na kubaki chini, anangoja. Likizama na kuibuka haraka, anaanza. Aligeuza mara moja tu. Mwisho sukari na mdalasini. Na wakati wote huo hazungumzi na mtu. Ukimsemesha anakuambia, "Mafuta hayana subira, Mama Deo."

Miti yake pia ilimletea maneno. Epo hazipendi nchi ambayo haina theluji, hata kwa baridi yetu hii, kwa hiyo Masista walimfundisha kuidanganya miti. Mwezi wa baridi kali alikuwa anapanda ngazi na kuivua majani yote kwa mkono, moja moja, mpaka mti unabaki kama fimbo, ili ulale, uamke, utoe maua. Ukipita pale asubuhi ya ukungu unamwona mzee wa kanisa juu ya ngazi ananyonyoa mti huku akisali rozari. Na sisi watu wa Sumbawanga tunavyosemwa huko nje kwa mambo ya uchawi! Wageni waligeuza njia. Yeye alifurahi, maana walikuwa hawamwibii epo.

Halafu kuna habari ya samli, na hii inabidi niieleze, kwa sababu bila hiyo mengine hayaeleweki. Ilikuwa sherehe ya somo, mtakatifu wa jumuiya yetu, watu wengi, na karai lake lilikuwa dogo. Mama mmoja akakimbia kwa wale majirani Wasukuma akaazima kubwa. Lilikuwa limeoshwa kwa majivu, linang'aa. Lakini chuma kinakunywa, na lile karai lilikuwa limeyeyushiwa samli maisha yake yote. Mama Katekista alikula epo moja iliyotoka humo, na tukambeba kwenye gari la kukodi tukidhani tunapeleka maiti. Akapona. Katekista hakumgombeza yule mama. Alikwenda tu mjini akanunua kufuli, akalitia kwenye mlango wa jiko, na kuanzia siku hiyo hakuna mkono wa mtu mwingine uliogusa chakula cha mkewe. Tulimtania kwamba amegeuza jiko kuwa tabernakulo, lile sanduku la Ekaristi lenye kufuli. Hakucheka.

Basi, ugonjwa. Ulianza kwa ugali kumkwama Mama Katekista. Akawa anakunywa maji kila tonge, halafu ugali akauacha, akala wali, halafu wali nao. Hospitali ya mjini wakawapeleka Mbeya, Mbeya wakaangalia kwa kamera, wakamwita Katekista pembeni wakamwambia umio umeziba na kinachoziba hakitoki tena. Walimwambia wazi wazi. Najua kwa sababu kaka yake Mama Katekista alikuwepo na ndiye aliyetueleza sisi. Katekista alirudi kutoka kule na neno moja kwa mkewe: "Daktari amesema ule."

Hayo tu. Yule yule mtu aliyemwambia baba mkwe wangu unakwenda.

Nilikuwa nashinda kwao siku ambazo sina biashara, dagaa wangu wakichelewa kutoka Kirando. Nikawa naona anavyomlisha. Anakaanga epo, analeta sahani, anakaa ukingoni mwa kitanda, anabandua ganda lote kwa vidole, ganda anakula yeye, ule ulaini wa ndani anauponda kwa kijiko na kumwekea mkewe ulimini. Nilimwambia, "Katekista, si umchemshie tu? Zitakuwa laini vile vile, na hutahangaika."

Akanitazama kama nimetukana. "Chakula cha kuchemsha ni cha mgonjwa."

"Na yeye ni nani?"

"Yeye ni mke wangu. Anakula polepole, basi."

Akainuka akaenda kukaanga nyingine. Hata ile ya kwanza ilikuwa bado kwenye sahani.

Mama Katekista alingoja mpaka tukasikia mlango wa jiko. Sauti yake ilikuwa imebaki ndogo, inabidi uiname. Akaniambia, "Mama Deo, mimi najua ninakwenda. Ni yeye ndiye hajaambiwa."

"Ameambiwa, mama."

"Ameambiwa, hajasikia." Akapumzika. "Nataka niagane naye. Kila nikianza anasema subiri nikuletee kitu ule. Nikisema sili, anaogopa. Nikila, anakimbia kuleta kingine. Nifanye nini na mtu wa namna hii?" Akatabasamu. Hakuwa na uchungu na mumewe, alikuwa anamtaka tu.

Mimi si mtu wa kukaa na neno. Nikamfuata Katekista jikoni, nikasimama mlangoni maana kuingia huruhusiwi, nikamwambia, "Mkeo anataka kuongea na wewe."

"Ataongea akipata nguvu."

"Anataka sasa."

"Nguvu inatoka kwenye chakula, Mama Deo. Wewe una watoto, unajua. Mtu anayekula hafi."

"Uliwaambia watu wote hapa kwamba ukimdanganya mgonjwa unamwacha peke yake."

Alikuwa anakoroga ule mchanganyiko wake. Mkono ukasimama kidogo, ukaendelea. "Toka mlangoni," akasema, "unazuia mwanga." Nilikasirika mpaka nikalia njiani. Siku ile nilimchukia, nasema kweli.

Wanawake wa jumuiya walikuja kama ilivyo desturi, na vyungu vya uji na vibakuli vya mboga vichwani, wapike, wafue, yeye apate kukaa na mgonjwa wake. Aliwakuta getini. Akawashukuru, akawaombea, akawarudisha na vyungu vyao. "Vyombo vyenu vimeonja maziwa," alisema. Mama mmoja akajibu kwa hasira kwamba kwa hali aliyonayo mgonjwa maziwa siyo yatakayomuua. Katekista akafunga geti taratibu, akarudi jikoni kwake.

Paroko alikuja bila kuitwa. Alikuwa katika mzunguko wake wa wagonjwa, Ijumaa ya kwanza ya mwezi, na mimi nilikuwepo. Akampaka Mama Katekista mafuta matakatifu, akamsomea, na zile sala ambazo Katekista alikuwa amezijibu kwenye vitanda vya kijiji kizima alizijibu safari hii kutoka jikoni. Tulimsikia. "Amina," kwa sauti kubwa, na karai linatatarika nyuma yake. Paroko ni kijana, alitaka kwenda kumwita, Mama Katekista akamshika mkono, akatikisa kichwa.

Epo za mitini ziliisha. Akaenda mjini akaleta za dukani, zile nyekundu zinazotoka mbali, zimebandikwa karatasi. Zilikuwa unga unga, zinanyonya mafuta, ganda halishiki. Alikaa anazikaanga na kuzitupa, anakaanga na kutupa, mpaka apate moja inayofanana. Mama Katekista alionja, akanong'ona, "Hizi ni epo za kwenye picha." Nilicheka. Katekista akasema kwa uchungu kabisa, "Kesho nitapata nzuri."

Kesho yenyewe ilikuwa asubuhi ya mvua. Nilifika nimelowa, nikamkuta Mama Katekista amebadilika rangi, pua imechongoka. Nimeona watu wakifa, nilijua. Nikakaa. Akafumbua macho, akanishika kidole, akasema, "Mwite."

Nikaita kwa nguvu. "Katekista! Njoo, unaitwa na mkeo!"

Akajibu kutoka jikoni, "Nakuja! Mafuta hayajapata moto!"

Nikainuka nimfuate, lakini kidole changu alikuwa hajakiachia, na sikuwa na moyo wa kukichomoa. Akaniambia maneno nimpelekee. Nikainama nikayasikia vizuri. Nikaita tena na tena, mvua inapiga bati, na yeye anajibu nakuja, natoa hizi, nakuja. Alipoingia na sahani, mkewe alikuwa amekwisha kwenda. Epo zile zilikuwa nzuri. Sijui kwa nini naliona hilo mpaka leo, lakini zilikuwa nzuri, rangi yake sawa, zimesimama.

Akaweka sahani chini. Nikasema, "Katekista, ameacha neno."

Akainua mkono kama mtu anayezuia gari. "Usiniambie."

Sikumwambia. Tulizika. Hakulia, hakusali kwa sauti, ibada ya kaburini wakaongoza watu wengine. Baadaye alirudisha funguo za kigango kwa Paroko. Sasa hivi tuna katekista kijana ana pikipiki, anawaambia wagonjwa kwamba watapona, na watu wanampenda. Yule wetu tumeendelea kumwita Katekista kwa sababu hatujui tumwite nani. Msimu wa baridi uliofuata miti yake ilibaki na majani. Hakuna epo iliyotoka.

Mwezi uliopita alikuja kwangu. Nilikuwa barazani nachambua dagaa. Alikuja kwa miguu, koti limekuwa kubwa kwake.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Shikamoo, Katekista."

"Marahaba." Hakukaa. Alisimama ameshika nguzo ya baraza. "Mama Deo, siku ile ulikuwa na neno langu."

Nikaacha dagaa. "Ninalo bado."

"Nimefikiri sana ni neno gani. Usiku silali. Nimefikiri labda kuna kosa nililomfanyia zamani, akawa amelishika. Au kuna mtu nilipaswa kumwomba msamaha kwa niaba yake. Au alinikasirikia."

"Hakukukasirikia hata kidogo."

"Basi niambie."

Mimi ambaye mdomo wangu hauna breki, ulinigoma. Nikasema, "Alisema: mwambie aache, aje akae."

Akangoja. "Halafu?"

"Hakuna halafu, Katekista."

"Akae tu?"

"Ukae tu."

Akatazama chini kwenye dagaa. Midomo yake ilikuwa inatembea, nikadhani anasali, kumbe anarudia maneno yale. Kisha akajishusha polepole kwenye benchi langu, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa. Akakaa pale. Nilimletea chai, ikapoa. Jua likageuka, wateja wakaja wakamsalimia wakaondoka, na bado alikuwa amekaa, na mimi sikuwa na neno lingine la kumpa.